Sultani Ahusuriwa na Mashangazi

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko akili, Sultani Badawi aliuhusuru mji wa Tumbuu kwa kosa kubwa mno: walimletea salamu bila zawadi. Akapiga hema baina ya lango na kisima chao, na siku tatu nzima haikuingia mjini hata kata moja ya maji. Naye huyo kivulini anakunywa madafu, watu wakimtazama kutoka ukutani, ndimi zimewakauka. Shujaa kwelikweli!

Kambini alikuwamo fukara mmoja, Feruzi, mchekeshaji wake. Dada yake, Bi Mwanatumu, alikuwa mle mjini na wanawe wadogo, na moyo wa Feruzi ulimwuma, huku akichekesha kwa amri.

Basi siku hiyo Sultani akataka kujua maana na asili ya neno kuhusuru. Mwanazuoni wake akakohoa, akasema, "Bwana wangu, ni neno la Kiarabu, maana yake kubana."

"Hayo ya vitabuni! Nataka kuyaona kwa macho. Feruzi, nionyeshe kabla ya adhuhuri, ama kichwa chako halali yangu."

"Labeka, bwana wangu. Niruhusu niwatoe mashangazi arobaini wa Tumbuu, wala askari wasiwaguse."

"Ruhusa," akasema Sultani, akaagiza dafu la sita.

Mashangazi wakaja, wakalizunguka hema bega kwa bega kwa vigelegele, kama wafanyavyo mlangoni pa bibi harusi, bwana harusi asipite mpaka atoe kifungua mlango. Ikawa madafu nayo yanataka kutoka, na msala uko nje.

"Nipisheni!"

"Hupiti, baba, bila kifungua mlango!"

Akatoa pete, wakaikataa. Akawaita askari, nao wakainama kutazama viatu vyao. Wote walikuwa wameoa, na nani asiyewajua mashangazi?

"Feruzi, waondoe! Nakufa mwenzio!"

"Bwana wangu, maana yake ndiyo hiyo: haja yako i hatua ishirini, na njia huna. Na asili yake ndio hawa. Sisi wanaume tuliiga tu, tukaongeza mikuki."

"Wanataka nini?"

"Kisima chetu," akajibu Bi Mwanatumu, naye ni mmoja wa mashangazi hao, "na uondoke."

"Chukueni! Naondoka! Wallahi naondoka!"

Wakampisha. Sultani akapita mbio mbele ya jeshi zima, kanzu kaishika kwa mikono miwili.

Aliporudi, mahema yalikuwa yanang'olewa, na wanawe Bi Mwanatumu wanakunywa maji kisimani. Kichwa cha Feruzi hakikutajwa tena. Nami nimefika kikomo. Aliyeshiba maneno na alale, mwenye kiu na anywe.