Mlima Mmoja, Majina Matatu

Sogeeni karibu, na yule anayependa kuhukumu wenzake asogee zaidi, maana hadithi yangu ya leo ina kesi lakini haina hakimu.

Walikuwepo watu watatu katika meli ya kuchimba miamba, meli yenye mnara wa chuma katikati na tundu sakafuni. Kupitia tundu hilo mabomba hushushwa hadi chini kabisa ya bahari, kisha keekee iliyo nchani hutoboa mwamba wenyewe. Kila mmoja wa watatu hao alikuwa na kipaji chake.

Fundi Masunga alikuwa na viganja. Alijifunza kuchimba kwenye migodi ya Geita, na huko alizoea kushika bomba na kusikia mtetemo wa keekee iliyo mbali chini. Wenzake walitazama mishale ya mitambo. Yeye alifumba macho tu, akasema, "Hapa laini. Hapa pagumu. Hapa pana ufa." Na hakukosea.

Mbodze alikuwa na macho. Mama yake, Kadzo, aliponda kokoto kando ya barabara ya Mazeras, na Mbodze alikua akicheza kwenye chungu za mawe. Mchezo wake ulikuwa kuchukua vipande na kuvijaribu hiki kwa kile, hadi virudi vilivyokuwa kabla ya nyundo. Melini kazi yake ilikuwa ile ile. Jiwe likitoka baharini limevunjika, yeye huliunganisha, kisha hulichora mistari miwili, mwekundu na wa buluu, ili hata wajukuu zetu wajue upande upi ulikuwa juu.

Daktari Somoe wa Kilwa alikuwa na subira. Yeye ndiye aliyejua kuliuliza jiwe umri wake. Ndani ya baadhi ya miamba iliyoganda kutoka kwenye uji wa moto hupatikana, ukibahatika, punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, ziitwazo zirkoni. Punje hizo hufungia madini ya urani, na urani hugeuka kuwa madini ya risasi kidogo kidogo, kwa mwendo wake mwenyewe, asipatikane wa kuuharakisha. Ukipima kilichobaki na kilichogeuka, umepata umri. Kusema ni rahisi. Kufanya, mwulize Somoe.

Sasa, chini ya meli hiyo palikuwa na mlima mkubwa ambao haujawahi kuliona jua. Kwenye ramani ulikuwa na namba tu. Kapteni Faki, Mpemba asiyependa maneno mengi, akawakusanya watu wake.

"Desturi ya meli hii mnaijua," akasema. "Atakayetupatia umri wa mlima ndiye atakayeupa jina. Jina moja. Likishaingia kwenye ramani, halifutwi."

Mbodze aliposikia hayo moyo ulimwenda mbio. Mama yake alikwisha fariki, na kaburi lake halikuwa na hata kibao. Mwanamke aliponda mawe maisha yake yote akamsomesha mtoto, na duniani hapakuwa na jiwe hata moja lenye jina lake. Mbodze aliutaka mlima ule kwa ajili ya mama, na aliutaka sana.

Kazi ikaanza, na kazi ikawa ngumu. Kila bomba lililopanda lilileta mwamba mweusi usio na punje. Mafuta ya meli yakapungua, hata Kapteni akaagiza mabomba yavutwe waondoke zao. Masunga hakubandua kiganja.

"Kapteni, subiri. Mwamba umebadilika. Nipe mchimbo mmoja tu."

"Fundi, mtambo hauonyeshi kitu."

"Mtambo una ngozi?"

Kapteni akacheka bila kupenda, akamruhusu. Masunga akachimba taratibu mno, mabaharia wakapiga miayo, wengine wakamtania kwamba anamkanda mgonjwa. Aliendelea taratibu vile vile. Alijua mwamba wenye nyufa ukisukumwa husagika ukawa unga. Bomba lilipopanda, lilikuwa limejaa mawe mazima.

Juu kabisa ya mawe hayo lilikaa jiwe jeupe, zuri, la kupendeza macho. Meli nzima ikashangilia, kwa kuwa zirkoni hupenda kukaa kwenye mawe meupe. Somoe alikuwa ameshalinyakua. Mbodze akaliomba, akaligeuza mkononi, akasema, "Huyu mdoezi."

Melini hakuna kinachoogopwa kama mdoezi. Ni jiwe lililomeguka kwenye ukuta wa shimo kule juu, likaporomoka hadi chini, kisha likapanda na mawe ya watu kana kwamba lilialikwa. Ukilipima hilo, unaweza kuupa mlima umri usio wake.

"Mbodze, mbona unaninyima raha?" Somoe akalalamika.

"Dada Somoe, litazame. Limeviringika pande zote, halina mwenzake wa kushikana naye."

Ndipo akaanza mchezo wake wa Mazeras. Akavipanga vile vipande vyeusi, akavigeuza, akavijaribu, akavirudisha, mpaka vikakubaliana. Na katika vipande viwili vibaya ambavyo hakuna aliyevitupia jicho, mstari mweupe mwembamba ukatoka kwenye kimoja ukaingia kwenye cha pili bila kukatika. Ulikuwa mshipa wa mlima wenyewe. Mbodze akachora mwekundu na wa buluu.

Somoe akakiponda kipande, akaosha, akachuja, akabaki na punje zisizojaza hata ukucha. Karibu zote zilikuwa na nyufa.

"Pima hizo hizo," Kapteni akasema. "Watu wamechoka, wanataka kwao."

"Yenye ufa imevujisha risasi yake, Kapteni. Itanidanganya mimi, nami nitawadanganya ninyi."

Akarudi kwenye darubini, huku meli ikianza safari ya kurudi bandarini. Shingo ikakakamaa, macho yakawa mekundu, chai ikapoa mara nyingi pembeni yake. Hatimaye akapata punje nzima, akaipima. Hakujiamini, akapima nyingine, na nyingine tena. Zote zikasema neno moja.

"Miaka milioni mia moja na kumi," alisema alipotoka, "na ushee."

Masunga akavua kofia. Mlima uliganda zamani kiasi hicho, wakati dunia haikuwa na hata mtu mmoja wa kuita jina la mwenzake. Mbodze alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Kapteni akatandaza ramani mezani. "Haya. Jina."

Wote watatu wakafungua midomo kwa pamoja.

"Bila kiganja changu tungekuwa tumeshaondoka," akasema Masunga. "Uitwe Ng'wandu. Mwalimu wangu. Alinisukuma nje ya shimo, kifusi kikamfunika yeye."

"Bila mimi jiwe lingebaki bubu," akasema Somoe. "Uitwe Hidaya. Mwanangu. Najua mlima ulizaliwa lini, lakini jino la kwanza la Hidaya sikuliona, nilikuwa baharini."

"Bila mimi mngekuwa mnashangilia umri wa mdoezi," akasema Mbodze. "Uitwe Kadzo. Kaburi la mama halina kibao."

Hakuna aliyemtukana mwenzake, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kila mmoja alijua kwamba wenzake wamesema kweli. Baharia mmoja akashauri majina yaunganishwe.

"Jina moja," Kapteni akakata. "Tukitia nanga bila jina, mlima utabaki na namba yake."

Bandari ilikuwa imeshaonekana. Kapteni akawatazama wote, kisha akaichukua kalamu akampa Mbodze.

"Wewe ndiye tunayekuamini kutuonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Andika. Lolote utakaloandika, wenzako watalikubali."

Masunga akaitikia kwa kichwa. Somoe naye akaitikia, huku akijifuta macho.

Mbodze akaishika kalamu. Aliviona viganja vya Masunga vilivyochanika. Aliyaona macho ya Somoe. Akamkumbuka mama yake na nyundo, vumbi la mawe kwenye nyusi, akimwambia aache kucheza na kokoto akasome. Kalamu ikashuka, ikasimama kidogo juu ya karatasi.

Mimi naishia hapo. Haya, ninyi mliosogea mbele kwa kupenda kuhukumu, ipokeeni kalamu ya Mbodze. Mngeandika jina la nani? Na mkishaliandika, mngewatazamaje usoni wale wawili waliobaki?