Jimbo Lililofia Mahakamani

Barabara ya lami ilipita katikati ya mtaa kama mkasi uliopita katika kitambaa. Waliokaa upande wa soko walipiga kura katika jimbo moja, na waliokaa upande wa kiwanda cha matofali walipiga katika jingine. Mtangazaji wa redio ya mtaani aliishi upande huu. Baba yake, seremala, aliishi upande ule. Kila uchaguzi baba na binti waliagana barabarani kama wasafiri. Ukiwauliza wakubwa, walijibu tu, "Zamani tulikuwa na jimbo letu."

Lilikwenda wapi? Swali hilo lilimkereketa mtangazaji kama mchanga jichoni. Akaamua kuliandalia kipindi, akaanzia karakanani kwa baba yake.

"Shikamoo, baba. Hebu niambie, jimbo letu liliuawa na nani?"

"Marahaba, mama." Seremala aliweka randa chini, akacheka. "Liliuawa na ubishi."

Akamsimulia. Tangu jimbo lizaliwe, mbunge alikuwa yule yule, mwalimu mkuu mstaafu mwenye ulimi wa asali. Kila uchaguzi Seremala alishindana naye, na kila mara alibwagwa chali. Matokeo yakishatangazwa, alivaa koti, akaenda kumpa mshindi mkono, kisha akarudi kwenye misumari yake. Watu walimcheka hadi mbavu zikawauma, naye akacheka pamoja nao.

Lakini hayawi hayawi, huwa. Katika uchaguzi wa mwisho Seremala alishinda kwa kura chache. Mwalimu akawaka kama moto wa makuti. Kura zikahesabiwa upya, akashindwa tena. Akakimbilia mahakamani, na mahakama ikaamuru asiapishwe mtu hadi kesi iishe. Kesi ikajikokota kama kinyonga, kiti cha bungeni kikapigwa na vumbi.

Wakati huohuo tume ya kupanga upya mipaka ya majimbo ikaja kusikiliza maoni ya wananchi.

"Mwenyekiti aliuliza jambo jepesi tu," Seremala alisema. "'Nani anawasemea?' Nusu ya ukumbi ikapaza, 'Mwalimu!' Nusu nyingine, 'Seremala!' Mara viti vikaruka. Tume ikaondoka bila kusikia neno la maana."

"Nawe ulikaa tu ukitazama?"

"Thubutu! Siku ya pili nilikwenda kwake. Nikamwambia, 'Mwenzangu, kiti chukua, niko radhi. Ila twende kwa tume tukiwa na sauti moja.' Akaniambia hapokei sadaka, akanifungia mlango."

Watu wa majimbo jirani, waliokuwa na wabunge wa kuwatetea, wakaligawana jimbo kama mkate. Wodi ya wazazi iliyokuwa ijengwe mtaani ikahamia kwao. Mdogo wake mtangazaji alizaliwa kando ya njia, mama yao akikimbizwa hospitali ya mbali.

Hata hivyo alitaka kusikia upande wa pili. Alivuka barabara, akampata Mwalimu sebuleni, mkongojo mapajani, shingo bado imenyooka kama ya jogoo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa na baba yako?"

"Nimetumwa na udadisi wangu. Ule uchaguzi wa mwisho, nani alishinda?"

"Mimi!" Mzee aligonga sakafu kwa mkongojo. "Niliibiwa! Hata leo, mbunge halali ni mimi!"

Mtangazaji akamsogezea kinasa sauti.

"Mbunge wa jimbo gani, babu?"

Mwalimu alifungua kinywa. Akageukia dirisha, akaitazama ile barabara na watu waliokuwa wakiivuka kutoka jimbo hili kwenda lile. Kinywa kikajifunga taratibu.

Kipindi kiliporushwa, mtaa mzima ulitega sikio. Waliozoea kumcheka Seremala kwa kubwagwa kila mara walielewa kwamba yeye ndiye aliyejua kushindana, na mwenzake alijua kushinda tu. Kwa kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.