Chungu cha Mji Usiokataa

Sogeeni, wenzangu, na mwenye usingizi ajifinye.

Palikuwa na mji usiojua ugomvi wala njaa. Chungu cha uchawi kilijipikia wali chenyewe, mradi tu pasitokee mtu wa kusema "sitaki".

Siku moja akafika msafiri, Mashavu. Wenyeji wakamlaki langoni.

"Dada, tuachie viatu."

"Haya."

"Tuachie kanga, uvae nyeupe kama sisi."

"Haya."

"Tuachie na jina. Hapa sote tunaitwa Ndugu."

"Jina hili alinipa bibi yangu. Sitaki!"

Chungu kikapasuka, paa!

"Umetuua, mwanamke! Tutakula nini?"

"Mikono mnayo. Pikeni!"

"Sema tu haya, kitajiunga."

"Sitaki, sitaki, sitaki!"

Wakaokota mawe. Ndipo ajuza mmoja akasimama mbele ya Mashavu.

"Nipigeni na mimi. Mimi naitwa Mwatime, na wali huu umenikinaisha tangu usichana wangu."

Mtu akacheka. Mawe yakaanguka moja moja. Mwatime akachagua matatu, akayapanga mafiga, akawasha moto, akabandika sufuria.

Wali ule uliungua. Waliula wakigombana, wakiitana kwa majina.

Yangu nimeyatua hapa. Mwenye njaa akapike.