Kitambaa cha Mke wa Mpiga Tarumbeta

Wapendwa, leo naomba tukae kidogo na mama mmoja aliyeolewa na mpiga tarumbeta. Mumewe alikuwa kwenye bendi ya kanisa, kama hii yetu, ile ambayo alfajiri ya Pasaka hututangulia makaburini kutangaza kwamba Bwana amefufuka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, na alfajiri ile moja ndiyo iliyokuwa fahari yake ya mwaka mzima. Na mkewe alimpenda, jamani! Mashavu ya mzee yakivimba kwa kupuliza, yeye huko nyuma anatabasamu kama bibi harusi.

Kila Jumamosi mama huyu aliisugua tarumbeta mpaka ing'ae, kisha akafuta ile sehemu ya kuwekea mdomo kwa kitambaa cheupe. Hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Sasa mwaka mmoja, Pasaka ikiwa imebakiza wiki sita, meno ya mbele ya mzee yakaanza kucheza. Niambieni, mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele atabana midomo kwenye nini? Mzee akakosa raha, hata chai haipiti. Mkewe akamshika mkono wakaenda kwa daktari wa meno, binti mmoja mpole.

Daktari akachungulia, akasema, "Baba, fizi zako zinaumwa. Uchafu umeganda kwenye meno mpaka chini ya fizi, umekuwa mgumu kama jiwe. Nitakuchoma ganzi, niukwangue wote."

Mzee akafumba mdomo haraka, akaufumbua nusu. "Mwanangu, mwenzangu kwenye bendi aliwekewa dawa ndani ya fizi, akapona. Niwekee hiyo hiyo, mambo ya vyuma tuyaache."

"Huyo mwenzako alikwanguliwa kwanza, ila hilo hakukusimulia. Dawa ninayo, baba, na nitakuwekea pale fizi zilipoachana sana na meno. Lakini kazi yake ni kusaidia. Nikiiweka juu ya uchafu huo, nitakuwa nimekudanganya."

Je, sisi hatuko hivyo? Tunataka neno la faraja tupakwe juu juu, toba tuwaachie majirani! Mnacheka. Mnadhani mahubiri yameishia hapo. Subirini.

Daktari akauliza, "Damu zilianza kutoka lini?"

"Wiki mbili hivi," akasema mzee. "Zile za kwenye mswaki sizihesabu."

Mkewe akainamisha kichwa. "Miaka mitatu, daktari."

Mzee akageuka pale kwenye kiti. "Mama Elinami, umejuaje?"

"Kitambaa, Baba Elinami. Kila Jumamosi nikifuta kinatoka na damu. Nakifua, nakianika nyuma ya nyumba usikione." Machozi yakamtoka. "Ulikuwa na furaha mno ukipuliza. Niliogopa nikikuambia watakuweka kando."

Mzee hakumgombeza. Alimtazama tu, akasema taratibu, "Ningekuja mapema, mke wangu."

Daktari akakwangua siku hiyo, akamwita tena akamalizia, akaweka na dawa yake. Fizi zikatulia. Lakini jino moja la mbele lilikuwa limechelewa kutibiwa, likang'olewa. Pasaka ile bendi ilipiga makaburini, na mzee alisimama pembeni, tarumbeta kwapani, mkewe ameshika mkono wake. Tarumbeta yake iling'aa kuliko zote.

Wapendwa, leo sisemi na mwenye fizi. Nasema na mwenye kitambaa. Ni nani nyumbani kwako anayevuja damu, na wewe unafuta? Baba amelewa, sisi tunawaambia wageni ana malaria. Kijana ameacha masomo, sisi tunasema yuko likizo. Tunafuta, tunafua, tunaanika nyuma ya nyumba, na tunauita upendo. Na ni upendo kweli! Mama yule simnyimi haki yake, alimpenda mzee wake kuliko wengi wetu tunavyopendana. Lakini kunyamaza kwake kulimgharimu mzee jino, kukamgharimu na Pasaka.

Kitambaa chako unakijua, na unajua umekianika wapi. Ukifika nyumbani leo, kabla hujakifua, mwonyeshe.