Waziri Aliyengojea Mvua

Hapo zamani, katika mji wa Kiunguani, palikuwa na Sultani Ngwame, mtu wa tumbo kubwa na sheria nyingi. Na anayebisha kwamba mji huo ulikuwako, na alete wake. Sultani huyo alitoa amri kwamba mtu asiuze nyumba hata awe na vyeti saba: cha ukuta, cha mlango, cha kisima, cha mpaka, cha choo, cha mchwa, na cha paa. Kila cheti na mkaguzi wake, kila mkaguzi na kilemba chake, na ndani ya vilemba hivyo, nawaambia, mlikuwa na nywele tu.

Ikawa fukara mmoja, jina lake Shekue, ataka kuuza nyumba yake ya makuti. Binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa na mimba ya kwanza, na mama hana. Basi Shekue akaapa kwamba mjukuu hatazaliwa babu hayupo. Mnunuzi alikwisha kumpata, Bi Mize mfinyanzi. Akaanza kuvihangaikia vyeti. Mkaguzi wa mchwa alitega sikio kwenye nguzo, akanena, "Wamelala," akapiga muhuri. Sita akavipata hivyo hivyo. Kikabaki cha paa, na mkaguzi wa paa ni Waziri mwenyewe, jirani yake, aliyekitamani kiwanja kile awafungie punda wake.

"Sheria yasema," akanena Waziri, "mkaguzi wa paa aingie ndani, wala asitoke hata aone mvua ikinyesha juu yake. Sasa ni kiangazi. Rudi masika."

"Masika bado miezi miwili, Bwana Waziri, na mimba haisomi sheria."

"Basi niuzie mimi, mambo ya vyeti niachie. Nitakupa punda mzima. Anachechemea kidogo tu."

Shekue akaenda barazani, akapiga magoti. "Ewe Maulana, sheria ya paa yaweza kupunguzwa?"

"Hata nukta! Atakayeivunja, awe nani, atachapwa bakora kumi na mbili sokoni."

"Hewala, Maulana. Basi naomba ukaguzi uanze leo."

Sultani akacheka hata kilemba kikamkaa upande. "Waziri, nenda ukamwoneshe jua mpumbavu huyu."

Waziri akaenda, akaingia, akainua macho, akasema, "Hakuna mvua," akageuka. Lo! Mlango umefungwa kwa nje, na Shekue amekaa kizingitini anatafuna muhogo.

"We Shekue! Fungua!"

"Umeona mvua, Bwana?"

"Mvua gani, maluuni we!"

"Basi kazi hujaimaliza. Nami sipendi uchapwe, mtu mzima na heshima zako."

Siku ya kwanza Waziri alitukana, ya pili akabembeleza, na ya tatu alikuwa anaomba dua ya mvua kwa sauti, na watu wamekuja na mikeka yao kumwitikia, "Amina!"

Hata Sultani akaja mwenyewe, amefura. "Mtoe!"

"Nitamtoa, Maulana. Ila bakora atakula nani: aliyetoka, au aliyeamuru atoke?"

Watu wote wakamtazama Sultani. Akaona hana pa kupita. Akaagiza wino, akaifuta sheria ya paa kwa mkono wake, mbele ya wauza samaki, na Shekue akafungua mlango. Kisha akamgeukia Bi Mize kwa hasira: "Na wewe, bibi, wanunuaje nyumba ambayo paa lake halikukaguliwa?"

"Maulana, siku ya kwanza nilimwuliza Shekue, lavuja? Akanambia, lavuja mahali pawili, hapa na pale. Nikamwambia, vyungu ninavyo."

Sultani akawatazama wakaguzi wake saba, kilemba baada ya kilemba, akaona haya. Akazifuta na zile sheria sita.

Shekue alifika kwa binti yake siku nne kabla ya mtoto. Na Waziri, kila akiwa ndani ya nyumba ya watu na wingu likapita, huinuka upesi akaushika mlango. Hekaya yangu imefika kizingitini. Mimi siwafungii, tokeni.