Idhini ya Kuzaliwa

Hapo zamani, katika wilaya ya vijiji vya Ukwama, alitawala Sultani Badi, mtu aliyechukia hesabu isiyotulia. Kila akiletewa idadi ya raia zake, kabla hajameza kahawa huja mjumbe mbio: fulani kajifungua, fulani kafa. Basi siku moja akapandwa na hasira, akapiga mbiu:

"Vijiji vyangu vimejaa! Tangu leo hazaliwi mtu ila kwa idhini ya kinywa changu. Na kijiji kitakachozidi mtu, kitoe mtu aende porini kwa fisi."

"Hewallah, bwana," akaitikia waziri. Ulikuwa upumbavu mtupu, na kila aliyekuwapo alijua, lakini walikuwa wakila pilau yake, wakanyamaza.

Sasa katika kijiji cha jirani, Mbogoni, alikuwapo fukara mmoja jina lake Machano, hana shamba wala kuku, ana mdomo tu, na mke mja mzito, Mwanatumu. Wanakijiji wakakaa shauri, wala halikuchukua muda.

"Ndugu yetu," jumbe akamwambia kwa sauti ya huruma, "mwanao akiingia, wewe utatoka. Hatuna mwingine tusiyemhitaji."

"Ahsanteni kwa kunikumbuka," akasema Machano, na usiku ule hakula.

Ikawa Mwanatumu aliposhikwa na uchungu, Machano akamlaza juu ya kitanda cha kamba, akaomba watu wamsaidie kubeba, huyo njia ya jumba la Sultani, na Bi Kidawa mkunga nyuma akitukana.

"Wanipeleka wapi nami nafa?" akalia Mwanatumu.

"Kuomba idhini, mke wangu. Sisi ni watu wa kufuata amri."

Wakaingia barazani na kitanda chao. Sultani alikuwa akila halua.

"Bwana mkubwa," akasema Machano, "mwanangu yu mlangoni abisha hodi. Aingie, asiingie?"

"Angoje! Huoni ninakula?"

Machano akainama kwenye tumbo la mkewe. "Umesikia, baba? Bwana anakula."

Lakini mtoto hakuwa na adabu za barazani. Bi Kidawa akapiga kelele, "Wanaume nje! Na wewe wa halua, nje!" Na kufumba na kufumbua Sultani akajikuta kwenye ngazi, miguu mitupu, kilemba kimebaki juu ya mto. Ndani kikasikika kilio cha kichanga, kisha vigelegele.

"Nitaingia lini?" akauliza Sultani.

"Desturi yetu waijua, bwana," Bi Kidawa akajibu kutoka ndani, halua mdomoni. "Mzazi hatoki alipozalia mpaka arobaini, wala mwanamume havuki kizingiti."

Sultani akamgeukia Machano. "Mbogoni imezidi mtu! Wewe, porini!"

"Amri ni amri, bwana wangu. Ila mtoto hakuzaliwa Mbogoni. Mbogoni hatujazidi, tena tumepungukiwa na Mwanatumu. Iliyozidi ni nyumba hii. Sasa nani wa nyumba hii aende kwa fisi?"

Waziri akamtazama Sultani. Askari nao wakamtazama Sultani, maana ndiye aliyekwisha kutupwa nje.

Kabla hajajibu, vumbi likatimka njiani. Vitanda! Kitanda nyuma ya kitanda, kutoka kila kijiji, na waume waliosikia ya Machano wakiita, "Hodi! Twaomba idhini! Jikoni kuna nafasi?"

Sultani akakunja kanzu, akawakimbilia. "Rudini! Zaeni! Zaeni huko huko kwenu, zaeni hata mapacha!"

Ndivyo amri ilivyokufa. Sultani akalala banda la mbuzi mpaka arobaini ilipotimia, akarudishiwa kilemba chake kingali kibichi, kwa kuwa ndicho alichofungwa mtoto kama winda. Akakinusa, akacheka mpaka akakaa chini, akampa Machano shamba zuri, mbali kabisa na jumba lake.

Na tangu siku hiyo, aliyemuuliza Sultani wilaya yake ina watu wangapi alijibiwa, "Wapo. Na wengine wanakuja."