Kwa Nini Watoto wa Ivugula Hawasimami Mstarini

Kabla mambo hayajageuka, shule ya msingi ya Ivugula, kule juu Makete, ilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko shule yoyote ya milimani. Mwalimu Mkuu Ndelwa ndiye aliyeinyoosha. Alikuwa mtu mwema, msije mkamfikiria vibaya, lakini aliamini kwamba akili ya mtoto huanzia kwenye mstari, na mstari ukipinda hata hesabu zitapinda. Basi kila asubuhi wafupi walisimama mbele, warefu nyuma, mikono ubavuni. Waliimba, wakakaguliwa kucha, kisha wakasikiliza matangazo.

Matangazo ndiyo yaliyokuwa kazi. Mwalimu Mkuu alitangaza habari za choo, habari za mbuzi wa jirani walioonekana bustanini, habari za watoto waliochelewa jana, na habari za watoto ambao kwa dalili zote wangechelewa kesho. Alitangaza akiwa amevaa koti refu jeusi juu ya shati jeupe, na mgongo ameupa upepo. Sasa, mwezi wa saba kule Ivugula si mwezi wa mchezo. Sakitu hulala juu ya majani, kukicha nyasi ni nyeupe na zinavunjika ukizikanyaga, na upepo hushuka kutoka uwanda wa Kitulo bila kumwomba mtu ruhusa. Upepo huo ulipofika uwanjani ulilikuta koti la Mwalimu Mkuu, ukalizunguka kwa heshima, ukaenda kumpiga aliye mbele ya mstari.

Aliye mbele ya mstari wa darasa la pili alikuwa Edina Luvanda, mdogo kuliko wote shuleni, hata wa darasa la kwanza. Sweta lake lilikuwa la dada yake, na dada yake alilirithi kwa dada mwingine, hivyo lilipomfikia yeye matundu yalikuwa mengi kuliko nyuzi. Kifua chake kilikuwa kibovu. Mwaka huo alikwishaugua mara tatu, na mara ya tatu alibebwa mgongoni hadi zahanati. Mama yake akasema neno moja na hakulirudia: akikohoa tena mwezi huu, anahamia kwa shangazi yake Ubaruku, kwenye joto.

Wenzake walimwonea wivu, kwa sababu Ubaruku wali unaliwa hata siku isiyo sikukuu. Lakini Edina hakutaka wali. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma. Maneno yalianza kumfungukia muhula huohuo, mbele ya mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Elimina Chaula, na moyoni aliogopa kwamba akiondoka Ivugula kusoma kutabaki hukohuko. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama mbele, akabana midomo, akameza kikohozi kama mtu anayemeza dawa chungu. Alikuwa na hofu kweli, na hakumwambia mtu.

Mwalimu Elimina alikuwa na kitabu kimoja cha wanyama wa dunia, na watoto sitini na mmoja. Alikishika wazi mikononi akapita nacho dawati kwa dawati, na kila mtoto alitazama picha mpaka mwalimu ahesabu hadi kumi. Walikwishapita kwa twiga na kwa nyangumi. Siku hiyo wakafika kwa pengwini.

"Analiwa?" aliuliza Tulizo, aliyeketi dawati moja na Edina. Hilo lilikuwa swali lake kwa kila mnyama.

"Haliwi," alisema mwalimu. "Ni ndege wa nchi ya barafu. Na haruki."

"Haruki, halafu haliwi?" Tulizo alimsikitikia ndege huyo kwa dhati.

Mwalimu akaeleza. Mama pengwini akishataga yai lake moja humwachia baba, yeye huyo baharini kutafuta samaki. Baba huliweka yai juu ya miguu yake, akalifunika kwa tumbo, akasimama nalo miezi miwili bila kula. Upepo ukizidi, akina baba wote hujikusanya wakabanana. Walio pembeni hupigwa na baridi, halafu polepole huingia katikati, na waliokwishapata joto hutoka nje.

"Kwa zamu?" aliuliza Edina.

"Kwa zamu."

"Mwalimu wa zamu ni nani?"

"Hakuna."

"Na anayeandika majina ya wakorofi?"

"Hakuna, Edina. Wanajiendea wenyewe."

Darasa zima likaomba kuitazama picha tena. Kwamba kuna ndege asiyeruka, hilo waliweza kulikubali. Lakini kwamba kuna zamu isiyo na mwalimu wa zamu, na bado mtu aliye na joto anatoka katikati kwa hiari yake, hilo liliwashinda.

Ili waelewe, mwalimu aliwaambia kesho yake kila mmoja aje na kiazi. Ivugula hakuna nyumba isiyo na viazi, basi vikaja sitini na kimoja, na cha Tulizo kilikuja kimechemshwa. Waliviweka juu ya miguu, visigino pamoja, wakajifunza kutembea bila kukiacha kiazi kiguse sakafu. Kutembea huko ni kujiburuza kidogo kulia, kidogo kushoto, tumbo mbele. Wiki ilipokwisha darasa la pili lilikuwa limejaa akina baba hodari. Tulizo alikuwa amepewa kiazi kingine, kibichi.

Habari zikafika majumbani, hasa ile ya miezi miwili. Akina mama waliipokea vizuri sana. Akina baba walisema kitabu hicho bila shaka kimeandikwa na mwanamke, na baba yake Tulizo akataka kujua ndege huyo ana wakwe wa namna gani.

Kisha ikaja insha. Tulizo aliandika: "Pengwini ni ndege. Haliwi. Baba yake anakaa na yai. Baba yangu hakai na yai. Mwisho." Mwingine aliandika kwamba pengwini anaishi Njombe mjini, kwa kuwa ndiko mbali alikokujua. Edina aliandika kwa siku mbili, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu Elimina alipoisoma insha yake aliiweka juu ya nyingine zote.

Desturi ya Ivugula ilikuwa kwamba insha iliyoshinda husomwa mstarini na mwenyewe. Tena asubuhi hiyohiyo Afisa Elimu Kata alikuwa anakuja kukagua shule. Mwalimu Mkuu alifurahi mno. Hakuisoma insha; aliitazama tu, akaona mistari yote imenyooka, ikamtosha. Akaagiza darasa la pili lisimame na viazi miguuni, ili mgeni aone elimu ya vitendo.

Asubuhi ilipofika, sakitu ilikuwa imetanda mpaka kwenye ngazi za ofisi. Afisa, bwana mwembamba aitwaye Mbwilo, aliingia na pikipiki huku machozi ya baridi yakimtiririka na vidole vimekataa kuachia usukani. Kwa heshima yake, Mwalimu Mkuu aliongeza matangazo. Lilipokwisha la tisa, Edina aliitwa mbele. Kikohozi kilikuwa kimempanda hadi kooni, na ng'ambo ya barabara, umbali wa kusikia, mama yake alikuwa shambani akichimba viazi.

Akasoma: "Pengwini ni ndege mwenye koti jeusi na shati jeupe. Tumbo lake liko mbele. Anatembea hivi na hivi. Anafanana na Mwalimu Mkuu."

Darasa la saba likaangua kicheko. Bwana Mbwilo aliinama akachunguza viatu vyake kwa makini. Mwalimu Mkuu alitabasamu kwa meno tu. Edina wala hakuwasikia. Alikuwa anawahi kumaliza kabla kikohozi hakijamwahi.

"Pengwini wa pembeni anapigwa na upepo. Halafu anaingia katikati. Wa katikati anatoka. Hakuna anayesema mimi ni mkubwa. Mimi ninasimama mbele kila siku. Sijawahi kuingia katikati. Mwisho."

Hapo hakuna aliyecheka. Edina alikunja karatasi, mabega yakaanza kumtikisika. Alijua kinakuja, na hakuwa na nguvu tena ya kukimeza.

Wa kwanza kujongea alikuwa Tulizo. Hakuwa na mpango wowote. Alisema baadaye kwamba aliona tu Edina yuko pembeni. Akajiburuza kulia, akajiburuza kushoto, kiazi juu ya miguu, akaenda kusimama upande unaotoka upepo. Nyuma yake wakaja wengine, matumbo mbele, kimyakimya, mpaka Edina hakuonekana tena. Kikohozi kikatoka, na kikapotelea humohumo ndani ya masweta sitini. Ng'ambo ya barabara jembe la mama yake halikusita.

"Rudini mstarini!" alisema Mwalimu Mkuu.

Lakini darasa la kwanza lilikuwa limekwishafuata, na la tatu liko njiani. Wale warefu wa darasa la saba, waliokuwa wamejikinga nyuma ya migongo ya wadogo tangu walipokua, wakajikuta hawana wa kujikinga naye, wakaona heri na wao waende. Bwana Mbwilo aliweka begi lake chini. "Samahani, mwalimu," akasema, "mimi niko pembeni tangu saa kumi na mbili." Akapenya kati ya darasa la nne na la tano.

Akabaki Mwalimu Mkuu peke yake uwanjani. Kundi lilizunguka polepole, naye akazunguka akilifuata kwa macho, hata akajikuta uso ameuelekeza Kitulo. Upepo ukampata sawasawa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya matangazo. Masikio yakamwaka, machozi yakamtoka.

"Kumbe," akasema.

Huko ndani Edina alikuwa na joto. Lilikuwa joto la kweli, la mabega ya watu, lenye harufu ya moshi wa jikoni, na alifurahi hata akataka kulia. Alitamani abaki humo mpaka likizo. Lakini alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wa katikati anatoka, na insha ilikwishasomwa mbele ya serikali. Akajipenyeza akatoka. Nje kabisa akamkuta Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo, mwalimu. Zamu yako ya kuingia imefika."

"Marahaba. Mimi nina koti, Edina."

"Hata pengwini ana koti, mwalimu."

Mwalimu Mkuu alifungua mdomo amjibu, upepo ukamwingia, akaufunga. Kisha akaenda, kidogo kulia, kidogo kushoto, na wa darasa la saba wanaapa kwamba siku zote ndivyo alivyokuwa akitembea. Walimpisha akaingia. Alikaa huko muda mrefu kidogo kuliko haki yake, wakamvumilia kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza. Alipotoka tena pembeni alikuwa bado na matangazo manne mkononi. Akayatazama, akautazama upepo, akasema, "Ingieni madarasani."

Edina hakwenda Ubaruku. Mwezi wa saba ukaisha, wa nane ukaingia, kifua kikatulia, na habari za shangazi hazikutajwa tena pale nyumbani. Alisoma Ivugula mpaka darasa la saba, na alimaliza akiwa bado mfupi kuliko wote.

Na kuanzia asubuhi ile, hadi leo hii tunapozungumza, baridi ikishaingia Ivugula hakuna mstari. Bendera ikipanda, wadogo na wakubwa hubanana pamoja, na walimu wao humohumo, wakizunguka polepole bila mtu wa kuandika majina. Matangazo husomwa na aliye pembeni, ndiyo maana yamekuwa mafupi kuliko ya shule nyingine yoyote wilayani. Wageni wanaopita barabarani hudhani kuna mtoto aliyeanguka, wakasimama kushangaa. Hawasimami sana. Mara hutoka mtoto wa darasa la kwanza, mashavu yamejaa joto, akaja kumshika mgeni mkono. Nanyi mkipita kule akiwajia, msianze kumuuliza maswali. Ingieni, na mkishapata joto mtoke, wenzenu wanasubiri.